Jacob Yerushalmy

Jacob Yerushalmy (1904 – 1973) alikuwa mwanatakwimu na mtaalamu wa epidemiolojia nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya makosa ya madaktari wanaosoma picha za eksirei za kifua. Katika makala yake ya mwaka 1947 alieleza vipimo viwili vinavyotumika leo duniani kote kupima ubora wa uchunguzi wa kitabibu, yaani unyeti na umahususi.

Kwa miaka mingi alikuwa profesa wa takwimu za afya katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Huko alianzisha utafiti mkubwa wa afya ya akina mama na watoto ambao data zake bado zinatumika. Anakumbukwa pia kwa mabishano mawili makubwa ya kisayansi: moja kuhusu mafuta ya chakula na ugonjwa wa moyo, na jingine kuhusu uvutaji wa sigara wakati wa ujauzito.

Elimu na kazi za mwanzo

Yerushalmy alisomea hisabati. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, kisha akahamia kwenye takwimu za afya ya jamii.

Katika miaka ya 1930 alichunguza vifo vya watoto wachanga. Alitaka kujua kama hatari ya kifo inategemea umri wa mama, umri wa baba, na nafasi ya mtoto katika mfuatano wa kuzaliwa. Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mambo hayo matatu huenda pamoja: mama mwenye watoto wengi kwa kawaida ni mkubwa kwa umri, na mume wake vilevile. Kutenganisha athari ya kila jambo kulihitaji hesabu za uangalifu, na tabia hiyo ya kuuliza ni nini hasa kimesababisha tofauti inayoonekana ilibaki naye maisha yote.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na miaka iliyofuata alifanya kazi katika Huduma ya Afya ya Umma ya Marekani, upande wa udhibiti wa kifua kikuu. Mkuu wa idara hiyo alikuwa daktari Herman Hilleboe, ambaye baadaye alishirikiana naye tena.

Kifua kikuu na picha za eksirei

Kabla ya kupatikana kwa dawa madhubuti, kifua kikuu kilikuwa kati ya magonjwa yaliyoua watu wengi sana Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mgonjwa angeweza kuwa na dalili ndogo tu huku akiwaambukiza wengine. Kwa hiyo serikali zilianza kuwapiga watu picha za kifua kwa wingi: wanajeshi, wafanyakazi wa viwanda, wanafunzi na wakazi wa miji mizima.

Picha kubwa ya kawaida ya eksirei, yenye upana wa inchi 14 na urefu wa inchi 17, ilikuwa ghali. Wahandisi wakabuni njia za bei nafuu. Mojawapo ilikuwa kupiga picha ndogo ya kivuli cha kifua kinachoonekana kwenye kioo kinachong'aa, kwa kutumia filamu ya milimita 35 kama ile ya kamera ya kawaida. Swali likawa: je, picha ndogo inatosha kugundua ugonjwa, au inawaacha wagonjwa wengi wapite bila kuonekana?

Baada ya vita shirika la serikali la Marekani linalowahudumia wanajeshi wastaafu lilitaka jibu, maana lilikuwa na maelfu ya watu wa kuwapima. Kamati ya wataalamu iliundwa, na Yerushalmy akawa mwanatakwimu wake.

Utafiti wa mwaka 1947

Mpango wa utafiti ulikuwa kama ifuatavyo. Watu 1,256 walipigwa picha kwa njia nne tofauti: filamu ndogo ya milimita 35, picha mbili za pamoja za inchi 4 kwa 10 zinazoonyesha kina, picha kubwa ya karatasi, na filamu kubwa ya kawaida. Kila mtu alipigwa kwa njia zote nne, hivyo zilipatikana seti 5,024 za picha.

Wataalamu watano wa radiolojia na magonjwa ya kifua walizisoma picha hizo. Kila mmoja alisoma peke yake bila kujua wenzake wameandika nini. Baadhi ya picha zilisomwa tena baadaye na msomaji yuleyule.

Mpango huu ulikuwa na faida kubwa. Kama njia ya kwanza ingesomwa na daktari mmoja na njia ya pili na daktari mwingine, isingewezekana kujua kama tofauti ya matokeo imetoka kwenye mashine au kwa msomaji. Kwa kuwa kila msomaji alisoma kila njia, na kila njia ilitumika kwa watu walewale, vyanzo vya tofauti viliweza kutenganishwa.

Matokeo yaliwashangaza hata walioendesha utafiti. Tofauti kati ya njia nne za picha ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya wasomaji. Picha ambayo daktari mmoja aliiona ina ugonjwa, mwenzake aliiona ni safi. Zaidi ya hayo, daktari yuleyule alipopewa picha ileile mara ya pili alitoa mara nyingi jibu tofauti na lake la kwanza. Kwa hiyo ilikuwa vigumu kusema njia ipi ni bora, kwa sababu kosa la binadamu lilifunika tofauti ya vifaa.

Utafiti ulichapishwa mwaka 1947 katika jarida la Shirika la Madaktari la Marekani. Mwandishi wa kwanza alikuwa Carl Birkelo, na Yerushalmy alikuwa mmoja wa waandishi wenzake.

Unyeti na umahususi

Mwaka huohuo Yerushalmy alichapisha makala yake mwenyewe juu ya matatizo ya kitakwimu katika kutathmini njia za uchunguzi wa magonjwa. Makala hiyo ilitoka katika jarida la Huduma ya Afya ya Umma. Mara baada yake, katika toleo lilelile, ilifuata makala ya mwanatakwimu mashuhuri Jerzy Neyman wa Berkeley, aliyeliweka tatizo hilo katika lugha ya nadharia ya hisabati.

Yerushalmy alieleza kwamba kusema njia fulani ni sahihi kwa asilimia fulani hakutoshi. Kuna aina mbili za kosa, na kila moja ina madhara yake:

- Unyeti ni sehemu ya wagonjwa ambao uchunguzi unawatambua kuwa wagonjwa. Unyeti ukiwa mdogo, wagonjwa wengi huambiwa ni wazima.
- Umahususi ni sehemu ya watu wazima ambao uchunguzi unawatambua kuwa wazima. Umahususi ukiwa mdogo, watu wengi wasio na ugonjwa hutiwa hofu na kupelekwa kwenye vipimo vingine bila sababu.

Mfano wa kubuni unaweza kusaidia. Tuseme watu 1,000 wamepigwa picha, na kati yao 50 wana kifua kikuu. Daktari anawatambua wagonjwa 40 na kuwaacha 10. Unyeti wake ni 40 kwa 50, yaani asilimia 80. Kati ya wazima 950 anawadhania 38 kuwa ni wagonjwa. Umahususi wake ni 912 kwa 950, yaani asilimia 96.

Namba hizo zinaonekana nzuri. Lakini watu walioitwa wagonjwa ni 78 kwa jumla, na kati yao 40 tu ndio wagonjwa kweli. Karibu nusu ya walioitwa warudi hospitalini hawana ugonjwa huo. Na kama daktari angewaita watu wote 1,000 wazima, angekuwa sahihi kwa asilimia 95 bila kumgundua mgonjwa hata mmoja. Hivyo asilimia moja ya usahihi wa jumla inaweza kuficha kushindwa kabisa.

Yerushalmy alisisitiza jambo la tatu pia, yaani kurudiwa kwa jibu. Kabla ya kuuliza kama wasomaji wawili wanakubaliana, inafaa kuuliza kama msomaji mmoja anakubaliana na nafsi yake. Kukubaliana peke yake hakuthibitishi ukweli, kwa maana wasomaji wawili wanaweza kukosea pamoja. Lakini msomaji asiyekubaliana na nafsi yake hawezi kuwa sahihi mara zote mbili.

Ushirikiano na Garland

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Yerushalmy alihamia Berkeley kufundisha katika skuli ya afya ya jamii. Huko aliendelea kufanya kazi na Leo Henry Garland, mtaalamu wa radiolojia mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi San Francisco. Garland alikuwa rais wa Shirika la Radiolojia la Amerika ya Kaskazini, na katika hotuba yake ya urais, iliyochapishwa mwaka 1949, aliwaeleza wenzake wazi kwamba makosa ya kusoma picha ni mengi kuliko walivyodhani.

Habari hiyo haikupokelewa kwa furaha na wote. Madaktari wengi waliamini kwamba makosa hutokana na uzembe au ukosefu wa mafunzo, na kwamba mtaalamu mzuri hakosi. Yerushalmy na Garland walionyesha kwamba hata wataalamu wenye sifa waliruka sehemu kubwa ya picha zenye dalili, takribani robo hadi theluthi.

Mwaka 1950 Yerushalmy na wenzake walitoa utafiti juu ya kusoma mara mbili. Walitumia picha ndogo zaidi ya 14,000 za wanafunzi wa chuo kikuu. Walionyesha kwamba picha ikisomwa na watu wawili kila mmoja peke yake, wagonjwa wengi walioachwa na msomaji wa kwanza hupatikana na wa pili. Gharama yake ni kwamba idadi ya wazima wanaotiliwa shaka nayo huongezeka.

Mwaka 1951 walichapisha utafiti mwingine, safari hii juu ya picha za mfululizo. Daktari huonyeshwa picha mbili za mgonjwa mmoja zilizopigwa kwa nyakati tofauti, naye anapaswa kusema kama ugonjwa umezidi, umepungua au umebaki vilevile. Uamuzi huo ulikuwa mzito, kwa kuwa ulitumika kuamua kama mgonjwa aendelee kulazwa, apewe dawa au afanyiwe upasuaji. Ilionekana kwamba wasomaji wawili hutofautiana katika takribani theluthi moja ya jozi za picha, na msomaji mmoja hutofautiana na nafsi yake katika takribani moja ya tano.

Mabishano kuhusu mafuta na moyo

Mwaka 1953 mtaalamu wa lishe Ancel Keys alichapisha mchoro wa nchi sita ulioonyesha kwamba vifo vya ugonjwa wa moyo huongezeka kadiri mafuta yanavyoongezeka katika chakula. Nukta za mchoro zilipangika karibu kwenye mstari mmoja.

Mwaka 1957 Yerushalmy na Hilleboe, ambaye wakati huo alikuwa kamishna wa afya wa jimbo la New York, walijibu kwa makala. Walieleza kwamba takwimu zilikuwepo za nchi 22, na zote zikitumiwa uhusiano unakuwa dhaifu zaidi. Waliongeza kwamba protini ya wanyama nayo ina uhusiano na vifo hivyo, na kwamba nchi zenye mafuta mengi katika chakula zilikuwa na vifo vichache vya magonjwa mengine yasiyo ya moyo. Hawakusema kwamba mafuta hayana madhara. Walisema kwamba kulinganisha wastani wa nchi hakutoshi kuthibitisha chanzo cha ugonjwa.

Makala hiyo ilikuwa moja ya changamoto zilizofuatwa na utafiti wa kina zaidi, na Keys mwenyewe aliongoza utafiti maarufu wa nchi saba ulioanza mwaka 1958. Mabishano hayo bado hutajwa katika madarasa ya epidemiolojia. Mwaka 1959 Yerushalmy, akiwa na Carroll Palmer, aliandika pia makala juu ya kanuni za kutafuta vyanzo vya magonjwa sugu.

Utafiti wa akina mama na watoto

Mwaka 1959 Yerushalmy alianzisha utafiti wa afya na ukuaji wa watoto katika eneo la Oakland, California. Walioshiriki walikuwa wanawake wajawazito waliopata matibabu kupitia mpango wa bima wa Kaiser. Hadi kufikia mwaka 1967 waliandikishwa wanawake zaidi ya 15,000, na mimba takribani 20,000 zilifuatiliwa. Akina mama walihojiwa mapema katika ujauzito, na damu yao ilihifadhiwa kwenye barafu.

Uamuzi wa kuhifadhi damu ulikuja kuwa na thamani kubwa. Miongo kadhaa baadaye watafiti wengine waliipima damu hiyo na kuona kwamba wanawake waliokuwa na kiasi kikubwa cha dawa ya wadudu ya DDT walipokuwa wadogo, na pia mabinti waliopata DDT nyingi tumboni mwa mama zao, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti.

Msimamo wake kuhusu sigara

Kutokana na data hizohizo Yerushalmy aliona jambo lililomshangaza. Watoto wa akina mama wavutaji walizaliwa na uzito mdogo mara nyingi zaidi. Lakini kati ya watoto wenye uzito mdogo, wale wa mama wavutaji walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wale wa mama wasiovuta. Aliyaeleza hayo katika makala ya mwaka 1964 na tena mwaka 1971. Mwaka 1972 aliongeza kwamba wanawake waliokuja kuvuta baadaye walikuwa na watoto wenye uzito mdogo hata kabla ya kuanza kuvuta. Kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba tatizo liko kwa mvutaji na si kwa sigara.

Hitimisho hilo halikusimama. Utafiti mwingi umethibitisha kwamba uvutaji wa sigara hupunguza uzito wa mtoto na huongeza hatari ya kifo chake. Namba za Yerushalmy hazikuwa za uongo, ila maelezo yake yalikosea. Mtoto huwa na uzito mdogo kwa sababu mbalimbali. Baadhi ya sababu, kama kasoro za kuzaliwa, ni hatari kuliko sigara. Mtoto wa mama asiyevuta akizaliwa mdogo, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mojawapo ya sababu hizo mbaya. Hivyo kulinganisha watoto wadogo peke yao kunaifanya sigara ionekane kama kinga. Hali hiyo huitwa kitendawili cha uzito wa kuzaliwa, na leo hutumika kuwafundisha wanafunzi jinsi uchaguzi wa kundi la kulinganisha unavyoweza kupotosha.

Mbinu zilizofuata

Kazi ya Yerushalmy juu ya wasomaji wa picha iliacha swali moja wazi. Msomaji A ana unyeti mkubwa na umahususi mdogo, na msomaji B kinyume chake. Ni yupi bora? Huenda hakuna. Huenda wote wana uwezo sawa wa kuona, ila A huita picha kuwa na ugonjwa kwa shaka ndogo, na B husubiri hadi awe na hakika.

Mwaka 1960 daktari Lee Lusted alichukua takwimu za wasomaji wa picha za kifua kutoka tafiti za akina Garland na Yerushalmy na kuzipanga kwenye mchoro. Aliona kwamba makosa ya aina moja yakipungua, ya aina nyingine huongezeka, na nukta za wasomaji zinafuata mkunjo mmoja. Mkunjo huo ulifanana na ule uliotumiwa na wahandisi wa rada kupima uwezo wa kutofautisha ishara na kelele. Kutokana na hapo mchoro wa ROC uliingia katika tiba. Eneo lililo chini ya mkunjo hupima uwezo wa kutofautisha wagonjwa na wazima bila kutegemea kama msomaji ni mwepesi au mzito wa kutoa jibu.

Hatua nyingine kubwa ilikuwa kurudi kwenye mpango wa mwaka 1947, ambapo wasomaji wengi husoma picha za wagonjwa walewale kwa kila njia. Tatizo la hesabu ni kwamba majibu hayo hayajitegemei: picha ngumu huwasumbua wasomaji wote, na msomaji mkali huwa mkali kwa picha zote. Mwaka 1992 Donald Dorfman, Kevin Berbaum na Charles Metz walitoa njia ya kulishughulikia. Eneo chini ya mkunjo hukokotolewa tena na tena kwa kumwacha mgonjwa mmoja kila mara, kisha matokeo huingizwa katika uchanganuzi wa variansi. Mwaka 1995 Nancy Obuchowski na Howard Rockette walitoa njia nyingine inayohesabu moja kwa moja jinsi makosa ya wasomaji yanavyohusiana.

Njia hizi huwezesha kusema kama mashine mpya ni bora kwa wasomaji na wagonjwa kwa jumla, wala si kwa madaktari wachache waliokuwa kwenye jaribio. Mamlaka za Marekani hupokea tafiti za namna hii wakati wa kukagua vifaa vipya vya picha na programu za kompyuta za kusaidia kusoma picha.

Kifo na urithi

Yerushalmy alifariki mwaka 1973. Utafiti wake wa Oakland uliendelezwa na wenzake, na watoto walioandikishwa wakati huo, pamoja na watoto wao, wameendelea kufuatiliwa.

Maneno unyeti na umahususi sasa hutumika kwa kila kipimo, kuanzia kipimo cha malaria hadi cha virusi vya korona. Kusoma picha mara mbili ni utaratibu wa kawaida katika uchunguzi wa saratani ya matiti nchini Uingereza na sehemu nyingine za Ulaya. Picha za kifua bado hutumika kutafuta kifua kikuu katika jamii, kwa mfano katika utafiti wa kitaifa uliofanyika Kenya miaka ya 2015 na 2016. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali pia programu za kompyuta zitumike kusoma picha hizo kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Programu hizo hupimwa kwa vipimo vilevile ambavyo Yerushalmy aliwapimia madaktari: zinawakosa wagonjwa wangapi, na zinawaita wazima wangapi kuwa wagonjwa.